Kufuli Saba za Bulla Injini

Mlango wa nyumba ya injini ulikuwa wa chuma, na ulikuwa na kufuli saba. Ukiuona mara ya kwanza ungedhani ndani mmefungiwa chui. Ndani mlikuwa na injini moja kuukuu, rangi yake ya kijani imebambuka, na mapipa matatu ya dizeli. Nje, hatua ishirini tu, hori la kunyweshea mifugo lilikuwa limekauka mpaka nyufa, na ng'ombe wa Batula walikuwa wamesimama wakiramba saruji.

Nitaeleza kufuli hizo zilifikaje pale, maana watu wa Garissa mjini hucheka wakisikia. Hata mimi nilicheka wakati zinawekwa. Nilicheka sana.

Zamani injini ilikuwa ya serikali. Serikali ndiyo iliyochimba kisima, ikakipa nambari, ikajenga nyumba ya mawe na kumleta Muema kutoka Kitui aje awe anawasha na kuzima. Sisi tulifuata maji. Tukajenga vibanda, tukaleta mbuzi, mahali pakaitwa Bulla Injini, yaani kijiji cha injini. Muema alikaa nasi miaka kumi na minne. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye daftari. Alijifunza Kisomali kiasi cha kujua anapotukanwa, hakuongeza zaidi. Kila mwenye mifugo alikuwa na siku yake ndani ya lile daftari, na ukija siku isiyo yako, hata kama ng'ombe wako amelala chini ulimi nje, Muema analifungua, anakuonyesha jina la mwenye siku, analifunga. Hulipi hata senti. Lakini hubishani pia.

Mafuta yalikuja kwa mwaka, mapipa kumi na mawili. Mwaka wa mvua, ng'ombe wanapokunywa madimbwini na hakuna anayekumbuka kisima, mapipa kumi na mawili. Mwaka wa ukame, watu wanapotoka upande wa Wajir kuja kutafuta maji kwetu, mapipa kumi na mawili. Siku moja nilimuuliza Muema ni nani anayepanga hayo. Akasema kuna ofisi Nairobi. Nikamuuliza kama hiyo ofisi ina dirisha. Akafikiri, akasema hajawahi kufika.

Na injini ikiharibika, hapo ndipo ungeijua serikali. Mkanda ulikatika mwaka wa themanini na tisa. Muema akajaza fomu, fomu ikaenda Garissa, ikaenda Nairobi, ikarudi kwa kukosa mhuri, ikaenda tena. Miezi minane. Mkanda ulipofika ulikuwa wa injini nyingine. Muema akautazama kwa muda, akauweka kando, akaushona ule wa zamani kwa ngozi ya ngamia, na ngozi hiyo ikafanya kazi kuliko wizara nzima.

Basi tulilalamika. Kila asubuhi watu walikunywa chai kwenye kibanda changu karibu na hori na kuisema serikali, na mimi nikiwa wa kwanza. Tulitaka ituondokee. Mwaka wa tisini na tano ikaondoka.

Aliyekuja kutuambia alikuwa ofisa wa maji, jina lake Ndirangu, kijana wa bara mwenye viatu vilivyong'aa mpaka mbuzi wakavishangaa. Alisimama juu ya ukingo wa hori akasoma barua. Alisema dunia nzima imegundua kwamba serikali haijui kusukuma maji, kama vile haijui kuuza sukari wala kununua ng'ombe. Kwa hiyo injini sasa ni yetu. Tuchague kamati, kila mtu alipe anachokunywa, malipo yanunue mafuta. Hakutakuwa tena na mapipa kumi na mawili. Penye kiu mafuta yatafika yenyewe, kwa sababu soko linajua. Mzee mmoja akasimama akauliza huyo soko ni mtu wa ukoo gani. Ndirangu alicheka vizuri sana. Mzee hakuwa anatania.

Muema naye alipewa barua yake siku hiyo hiyo. Alipunguzwa kazi. Walimwambia malipo yake yatakuja baada ya kujaza fomu, na kwa kuwa alijua fomu hupitia wapi, aliomba abaki kwenye chumba chake nyuma ya injini akisubiri. Hakuna aliyekataa. Mtu aliyewahi kushona mkanda kwa ngozi huwezi kumfukuza hivi hivi.

Sasa kamati. Bulla Injini ina koo saba. Wakachaguliwa wanaume saba, mmoja kila ukoo, na hapo hakukuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuja juu ya ufunguo. Ukoo ukishika ufunguo umeshika maji, na ukishika maji umeshika mifugo ya wengine. Miaka ya nyuma watu wawili walikwisha kufa kwa ajili ya zamu tu, sembuse ufunguo. Walikaa siku tatu. Siku ya nne wakakubaliana: kila ukoo ulete kufuli yake. Fundi akaitwa kutoka mjini, akachomelea vishikio saba kwenye mlango, kuanzia juu mpaka chini, na kila mzee akafunga yake, akaivuta mara mbili kuhakikisha, akaivuta na ya jirani yake. Ndirangu alipoona alifurahi. Akapiga picha. Akaandika kwenye faili yake kwamba wananchi wameweka utaratibu wa kuaminiana.

Na mwanzoni ulifanya kazi. Kila asubuhi wazee saba walikuja na funguo saba, na kwa kuwa daima kuna mmoja anayechelewa, sita walimngojea kwangu wakinywa chai. Kibanda changu nilikiezeka kwa mabati mwaka ule. Bati zote zile zilitokana na watu kutoaminiana. Muema aliitwa kuwasha injini kwa malipo madogo, maji yakatoka kila siku bila fomu, na ilibidi nikubali, kwa shingo upande, kwamba Ndirangu hakuwa mjinga kabisa.

Kisha mvua ikakosa, na ya msimu uliofuata ikakosa pia.

Mwaka wa tisini na sita ulipokuwa unaelekea kwisha, wenye mifugo mingi walikwisha kuhama. Walielekea kusini, Ijara na kwingineko, ambako kulisikika kuna majani. Wazee wa kamati nao walihama, na sita kati yao waliacha funguo nyumbani, kwa wake au ndugu zao. Wa saba alikuwa Siyad. Huyo ndiye aliyekuwa na ng'ombe wengi kuliko sisi wote. Alikwenda Sangailu, na ufunguo wake akaenda nao shingoni, umefungwa kamba moja na hirizi.

Alisahau au alikusudia? Mpaka leo watu wanabishana. Mimi naona hakusahau wala hakukusudia. Mtu mwenye ng'ombe mia mbili akiona ng'ombe wake wote wako nyuma yake, anadhani na dunia yote imehama naye.

Injini ikanyamaza. Mafuta yako ndani, kisima kina maji, mtu wa kuwasha analala chumba cha pili. Kufuli moja.

Watu walikwenda kwa chifu, ambaye ana redio ya kuongea na wakubwa. Redio ikajibu kwamba kisima ni cha jamii, serikali imejitoa, na ikivunja kufuli itakuwa imeingilia. Ndirangu mwenyewe alipita siku moja akielekea Dadaab. Alisema maneno hayo hayo, ila kwa huzuni, na akatupa ndoo mbili za maji kutoka kwenye gari lake. Wale wengine sita, au wenye funguo zao, walisema hakuna mtu wa Bulla Injini atakayegusa kufuli ya ukoo mwingine. Kuikata ni sawa na kumpiga mzee kofi mbele ya watoto wake. Sisi tunajua mambo hayo yanavyoishia. Kwa hiyo tulikaa tukaitazama.

Sasa nimtaje Batula. Ni mtoto wa dada yangu, ananiita habaryar, yaani mama mdogo. Mumewe alikufa akimwacha na watoto watatu na ng'ombe arobaini. Watu wa baba yake wako Banissa, mbali huko juu, na hapa ndugu yake wa karibu alikuwa Hamze, kaka mtu, ambaye mali yake yote ilikuwa punda mmoja na maneno mengi. Wale arobaini ukame uliwapukutisha mpaka wakabaki kumi na mmoja. Hao kumi na mmoja hawangeweza kutembea mpaka Ijara. Ungewasukuma wangeanguka kabla ya mto. Batula alikuwa na shauri moja tu kichwani: awanyweshe hapa hapa, awalishe matawi anayokata mwenyewe, mpaka mvua ije. Wakibaki hata watano, watoto wake watakua kwa maziwa. Wakiisha, ameisha. Hakuwahi kulisema hivyo. Ungemwona tu anavyowahesabu jioni, akigusa kila mmoja mgongoni.

Hamze akatumwa Sangailu kuufuata ufunguo. Akaondoka kwa lori la mkaa.

Huku nyuma akaja Mursal. Mursal alikuwa na lori lenye tangi, alikuwa anachota maji mto Tana na kutuletea. Nasema kweli, tulimpokea kama bwana harusi. Siku ya kwanza bei yake ya pipa ilikuwa ya kuvumilika. Batula aliuza mbuzi zake za mwisho, akanywesha. Wiki ya pili bei ikapanda, na Batula akamuuzia Mursal ng'ombe mmoja ili kumi wanywe. Wiki ya tatu bei ya maji ilipanda tena na ya ng'ombe ikashuka, kwa sababu kila mtu sasa alikuwa akiuza ng'ombe anunue maji. Akauza wawili ili wanane wanywe. Hesabu ya darasa la tano inatosha kukuonyesha hiyo inakwenda wapi. Nilimwambia Batula, ng'ombe wako hawanywi maji tena, wanakunywana wao kwa wao. Hakucheka. Nilikuwa nimezoea kumchekesha.

Nilimbana Mursal kwenye chai.

"Wiki jana pipa lilikuwa nusu ya leo," nikamwambia. "Mto umepungua?"

"Mto uko pale pale, ayeyo. Waliopungua ni wauzaji."

"Ayeyo wako, bibi yako, yuko kaburini. Mimi nina meno yangu yote."

Akacheka. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi. "Nikishusha bei, yataisha kwenye bulla ya kwanza barabarani," akasema. "Hapa sitafika. Nikipandisha, nafika mpaka kwenu. Mimi sikufunga mlango wa mtu. Nauza tu."

Nikamtoza vikombe viwili ilhali amekunywa kimoja.

Batula alikwisha kuuza mwingine mmoja, akabaki na saba, siku Mursal aliposema harudi. Mashirika ya Dadaab yalikuwa yanakodi malori ya maji kwa ajili ya kambi za wakimbizi, wanalipa kwa mwezi, tena wanalipa mbele. Alituaga mmoja mmoja. Alimpa Batula madumu mawili bure, akasema samahani, walaal, yaani dada. Ndirangu alikuwa ametuambia maji yatafuata kiu. Hakutuambia kwamba kiu zenyewe zinashindana, na yetu ilikuwa ya kimaskini.

Siku mbili baadaye Hamze akarudi, midomo imepasuka. Alimkuta Siyad. Alipewa maziwa, alilala, alipewa na nyama. Ufunguo hakupewa. Siyad alimwambia ufunguo wa ukoo hauwekwi mkononi mwa mtu wa ukoo mwingine, na kwamba atauleta mwenyewe. Hamze akamuuliza lini. Siyad akamjibu, ng'ombe wangu wakishiba.

Asubuhi iliyofuata ndama mmoja wa Batula hakuamka. Wale wakubwa walitoka zizini wenyewe, wakaenda kwenye hori, wakaanza kuramba saruji. Batula aliwafuata. Alisimama kando yao, na mimi nikaacha chai nikaenda kusimama naye. Muema alikuwa ameketi kizingitini pa chumba chake, anautazama ukuta wa injini kama mtu aliyefiwa anavyotazama ukuta.

Hapo ndipo nilipopata akili. Mimi akili hunijia kama mzaha, nami huitoa kabla sijaiangalia.

"Muema," nikamwita kwa Kiswahili, "ukoo wako hapa ni upi?"

"Sina ukoo hapa, Mama Ardo."

"Basi ukikata kufuli ya Siyad, ni ukoo gani umemtukana? Upepo ukiangusha boma la mtu, anaudai upepo ng'ombe?"

"Upepo haulali hapa," akasema. "Mimi nalala hapa."

"Miaka kumi na minne hujaoa kwetu, hujazika kwetu, hujagombana na mtu. Wewe si mtu wa hapa. Watasema mgeni hakujua."

"Mimi najua. Na wao wanajua kwamba najua."

Nilikuwa nimeanza kutafuta neno jingine la kumchekesha, lakini Batula akanipita. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, maneno machache. Alisimama mbele ya Muema, mikono ikining'inia.

"Muema. Ng'ombe yangu nakufa leo," akasema. "Kesho hapana. Leo."

Muema akainuka, akaingia chumbani, akatoka na msumeno wa chuma. Akaufuta kwa suruali. Kisha akauliza, si kwa hasira, kama alivyokuwa akiuliza jina la kuandika kwenye daftari: "Nikiulizwa nani alinituma, niseme nani?"

Batula alinigeukia. Ilikuwa mara moja tu, haraka, kama mtu anayetazama kama mlango uko wazi.

Nilikuwa nimeinama. Kamba ya kiatu changu ilikuwa imelegea, au niliona imelegea. Nilikuwa na mbuzi tisa wakati ule, na kibanda cha mabati.

"Sema Batula," akasema Batula.

Wenye funguo sita walikuja walipoambiwa kwamba anayekata ni Muema. Walifungua kufuli zao, kila mmoja akijitokeza kama aliyekuwa anapita tu. Ya saba ilikatwa kwa robo saa. Muema alimimina mafuta, akakaza mkanda, akazungusha mkono wa kuwashia mara nne, na injini ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikashika. Wallahi, sijasikia sauti tamu kama ile. Watoto walikimbia kuja, wanawake walikuja na madumu, punda wakaja bila kuitwa. Batula hakuwaachia ng'ombe wake wanywe watakavyo. Ng'ombe mwenye kiu ya siku nyingi akiachiwa hupasuka. Aliwapa kidogo, akawachapa wakarudi nyuma, akawangojea, akawapa tena. Mchana kutwa aliwachapa huku analia. Mke wa Siyad naye alikuja. Alijaza madumu manne, akaondoka uso umefunikwa.

Maji yalitoka siku tisa. Siku ya kumi Siyad akafika.

Hakupiga kelele. Alikwenda kwenye mlango, akauvua ufunguo shingoni, akatafuta kwa vidole pale kufuli yake ilipokuwa. Akasimama hapo ameshika ufunguo. Kilikuwa kitu cha kuchekesha, mtu mzima na ufunguo mbele ya shimo, na hakuna mtu aliyecheka, hata mimi.

Wazee wa koo waliobaki nyumbani walikaa kwenye kivuli cha ukuta wa injini. Niliwapelekea chai mwenyewe, kwa hiyo nilisikia yote. Ukoo wa Siyad ulidai haal, yaani faini ya kumsafisha mtu aibu aliyopakwa. Muema akaitwa, akaulizwa kama ni yeye aliyekata. Akasema ndiyo. Mzee mmoja akasema huyu ni mgeni, hana ukoo, hawezi kumtukana mtu wa ukoo. Wote wakakubali. Nilikuwa nasikia mzaha wangu mwenyewe ukitoka kinywani mwa wazee, umevaa kilemba. Nikashusha pumzi.

Kisha yule mzee akaendelea. Akasema ikiwa mkono hauna ukoo, basi ni fimbo tu, na fimbo haiulizwi. Anayeulizwa ni aliyeishika. "Nani alikutuma?" akamuuliza Muema.

Muema alitazama chini, akatazama mabati ya kibanda changu. Najua alijua. Lakini alikuwa mtu wa daftari, na kwenye daftari lake hilo lilikuwa limeandikwa jina moja.

Batula hakumngoja. Alikuwa amesimama na wanawake wengine, akasema kutoka huko huko, "Ni mimi."

Wakamuuliza ni nani aliyemshauri. Nilikuwa nimeshika birika, na birika lilikuwa zito. Ningeweza kusema. Ukoo wangu ni mkubwa, wangelipa kwa kuchangiana, wangenitukana mwaka mzima, na huenda vijana wetu na vijana wa Siyad wangeshikana tena kama zamani. Hayo yote niliyafikiri baadaye, nikayapanga vizuri. Wakati ule nilifikiria mbuzi tisa.

"Sikushauriwa," akasema Batula. "Ng'ombe walikuwa wanakufa."

Haal ikakatwa ng'ombe watano. Hamze alisimama akaongea kwa muda mrefu, akasema watu wake wako Banissa, wapewe muda waje wachangie. Akaambiwa haal haingoji Banissa. Mtu mmoja akasema kwamba watu wote walikunywa yale maji, hata nyumba ya Siyad. Wazee wakasema hiyo ni habari ya maji, na hapa wanazungumzia kufuli. Muema akatakiwa aondoke kabla ya Ijumaa, kwa usalama wake mwenyewe. Siyad akaleta kufuli mpya, kubwa kuliko ya kwanza, akaifunga, akaivuta mara mbili. Safari hii ufunguo aliuacha kwa mkewe. Hiyo ndiyo faida tuliyopata.

Batula alibaki na ng'ombe mmoja, maana wale waliokunywa walikuwa sita. Waliokuja kuwachukua watano walichagua wenyewe. Yule aliyebaki alikuwa jike mzee, mwenye pembe moja, haoni vizuri. Jioni ile nilimwona Batula zizini, ameuweka mkono mgongoni mwake. Hakuhesabu.

Muema aliondoka na lori la mkaa, daftari likiwa ndani ya begi. Hakuniaga. Fomu yake ya malipo ilifika miezi minne baadaye, chifu akaniletea mimi, na mimi sikujua niipeleke wapi. Ndirangu naye alikuja na wageni wawili wa shirika, akawaonyesha mlango wenye kufuli saba, injini ikinguruma ndani. Wageni wakapiga picha. Nilimsikia akiwaeleza kwamba kulikuwa na matatizo madogo ya mwanzo, na jamii imeyatatua yenyewe, kwa mila zake.

Yule jike mzee alikufa mwezi wa pili. Batula alinijia asubuhi, akaketi, akakataa chai. Akasema anataka kwenda Dadaab. Amesikia kambini wanagawa unga, mafuta na dengu kwa kila kichwa, na yeye ana vichwa vinne. Hakuwa wa kwanza kufikiri hivyo. Upande wetu, kiangazi kile, watu wengi walikwisha kutupa vitambulisho vyao vya Kenya chini ya kitanda na kwenda kupanga foleni ya wakimbizi. Mkenya mwenye njaa hana ofisi, mkimbizi anayo.

Shida ilikuwa maswali. Wale wa kuandikisha huuliza umetoka kijiji gani huko Somalia, mto uko upande gani, chifu wa huko nani, msikiti una rangi gani. Batula alikuwa hajavuka mpaka hata siku moja. Kwa hiyo nikamtafuta mwanamke mmoja mkimbizi, Sabirin, aliyekuwa akituuzia unga, nikamlipa kwa mbuzi, akamfundisha Batula kijiji chake kizima: visima, maduka, majina ya wazee, siku waliyokuja wenye bunduki. Walikaa kwangu siku tatu. Mimi nilikuwa mwulizaji. Nilijifanya mzungu, nikabana pua, nikamuuliza maswali ya kijinga, na siku ya tatu Batula akacheka kidogo, akaziba mdomo kwa shungi. Nilifurahi mno. Nilidhani kama amecheka, basi.

Siku ya kuondoka nilimsindikiza barabarani na watoto wake. Lori lililosimama lilikuwa la Mursal, alikataa nauli.

Tulipokuwa tunapandisha mizigo Batula aliniuliza, "Habaryar, wakiuliza nilikimbia nini?"

"Sema vita. Hawaulizi zaidi."

Aliitikia kwa kichwa. Akaniangalia kwa namna ile ile, haraka, kisha akaangalia barabara. Ningeweza kusema hapo pia. Hapakuwa na wazee, hapakuwa na haal, Mursal alikuwa anapima magurudumu. Nilimfunga shungi vizuri, nikamwambia asisahau jina la kile kijiji.

Hakulisahau. Alipita mara ya kwanza, wakampa kadi. Serikali ya Kenya ilipungukiwa na mtu mmoja na watoto watatu, na nina hakika ile ofisi ya Nairobi haikugundua. Mvua ilikuja mwaka huo huo kuelekea mwisho, tena nyingi, ikafurika, maji yakafika kwenye mlango wa injini mpaka kufuli ya nne.

Kila baada ya mgao, dereva yeyote anayetoka Dadaab huniletea fuko dogo la unga na chupa ya mafuta, vimefungwa kwa kitambaa ninachokijua. Hakuna salamu ndani, maana Batula hajui kuandika. Mara ya kwanza niliweka lile fuko chini nikalitazama mpaka adhuhuri. Kisha nikawasha moto, nikapika, nikala.